Banda la Baba Yako na Mzunguko Mpya

Duka la Dawa la Kona,
Makutano ya Shule.

Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kaka Msumari,

Pokea salamu tele kutoka kwa watu wako wa huku, wanaokutaja kila siku hata kama hawakupigii. Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo? Na wale mapacha, bado wanagombania kiti cha dirishani? Waambie shangazi yao anasubiri picha, na wasitoe ndimi nje safari hii. Nilisikia kifua kilikubana wakati wa baridi. Tafadhali maliza dawa ulizopewa. Mimi ndiye ninayeziuza, nawajua nyinyi mnaokunywa nusu na kuacha nusu kabatini.

Sisi huku tu wazima. Mama yangu, mama yako mdogo, magoti yake ni yale yale, ila mdomo haujawahi kuumwa. Mama yako yuko imara. Macho yamepungua nguvu kidogo, lakini vumbi kwenye kiti cha jirani bado analiona. Kwa hiyo usianze kuwaza mabaya: hakuna mgonjwa wala msiba. Ninalotaka kukueleza ni la barabara yetu, na la banda la useremala la marehemu baba yako. Mama yako ndiye aliyeniomba nikuandikie. Amejaribu kukueleza kwa simu, lakini kila ukipokea anaishia kukuuliza umekula nini.

Unaikumbuka barabara ilivyokuwa kabla hujaondoka, nyembamba, mashimo matupu, magari yanatambaa kama yanatafuta kitu kilichodondoka. Walipoipanua na kuitia lami tulishangilia sote. Kumbe tulikuwa tunashangilia balaa. Malori yakaanza kupita kama yanafukuzwa. Zikawekwa taa pale makutano, lakini wenye haraka walizichukulia kama mapambo, na zilipoharibika hakuna aliyeona tofauti. Fundi viatu aligongwa, mpaka leo anachechemea. Kisha mwalimu wa darasa la kwanza, yule mpole aliyekuwa anapenda kunisalimia kwa kuinua mwavuli, akafia pale pale mchana kweupe. Nilitoka dukani na bandeji mkononi, nikakuta hakuna cha kufunga tena.

Tangu siku hiyo mama yangu aliacha kuvuka. Mama yako naye akaacha. Hebu fikiria, Kaka: mtu na dada yake, nyumba zinatazamana, huyu akipiga chafya yule anasikia, lakini wanaonana kwa mbali kama wako nchi mbili. Kila asubuhi kila mmoja kibarazani kwake, simu sikioni, wanapungiana mikono. Mama yangu akipika supu anaita bodaboda aivushe sufuria. Mwanzoni tulicheka sana. Tulipozoea, haikuchekesha tena.

Ndipo mwaka jana manispaa ikamtuma injinia mmoja, mwanamke kijana, buti zimejaa vumbi na sauti ndogo ya kulazimisha watu wakae kimya. Alituita kwenye ukumbi wa shule akatwambia hawarudishi taa. Watajenga mizunguko mitatu, yale maduara ya katikati ya makutano ambayo magari huyazunguka: mmoja kule juu sokoni, mmoja kwetu, na mmoja chini karibu na zahanati.

"Taa inamwomba dereva asimame," alisema. "Mzunguko haumwombi mtu. Barabara yenyewe inapinda, kwa hiyo apende asipende atapunguza mwendo. Na katikati ya kila kivuko tutaweka mahali pa kusimama, ili mtu avuke nusu, apumue, ndipo amalizie."

Watu wakapiga makofi. Halafu akatandaza mchoro mezani, akasema mzunguko wa kwetu hauwezi kukaa vizuri bila kumega kona moja. Kona yenyewe, Kaka, ni pale penye banda la baba yako.

Mama yako akasimama. Unamjua akisimama. "Banda lile mume wangu alilijenga kwa mikono yake," alisema. "Mwanangu atarudi kulifungua. Barabara yenu itafutieni pa kupita."

Fundi magari akaropoka kutoka nyuma, "Kwani mle kuna nini zaidi ya panya?" Ukumbi ukaangua kicheko, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Hapo mama yangu akajiinua kwenye kiti, mkono mmoja begani kwangu. Sote tulidhani anakwenda kumtetea dada yake. Alisema, "Dada, niwie radhi. Mimi nautaka huo mzunguko."

Mama yako alichukua mkoba wake akatoka.

Kaka, sijui nikuelezeje kipindi kile. Simu za asubuhi zilikatika. Mama yako aligeuza kiti chake kikatazama ukuta. Mama yangu kwa kiburi akageuza chake pia, kisha akawa anageuza shingo kila baada ya muda mpaka akaniomba dawa ya kuchua. Ukimwuliza kwa nini asipige simu yeye, anasema, "Mimi ni mdogo. Mkubwa ndiye anayesamehe kwanza." Nilivuka kwenda kuongea na mama yako mara nyingi. Alinipa chai, akaniuliza habari za duka, na kila nilipolitaja banda alinyanyuka kwenda kuangalia kitu jikoni.

Wakati huo huo wale watu wa injinia walianza majaribio. Walipaka matairi chakavu rangi nyeupe, wakayapanga duara katikati ya makutano pamoja na mapipa ya mchanga. Banda hawakuligusa, kwa hiyo duara lenyewe lilikuwa limebanwa, lina umbo la yai. Siku ya kwanza ilikuwa sinema. Mwenye pikapu ya mbao alizunguka, akazunguka tena, hajui pa kutokea, muuza nyama amesimama mlangoni anamhesabia kwa kelele. Bodaboda wao walipita popote, kama kawaida yao. Lori moja refu lilikwangua ukuta wa banda kwa mkia wake, na injinia mwenyewe akaenda kumwomba radhi mama yako. Alifungiwa mlango.

Lakini magari yalipunguza mwendo, Kaka. Nakwambia nilichoona kwa macho yangu nikiwa kaunta. Kelele za breki ziliisha, nikaanza kusikia redio ya dukani kwangu.

Asubuhi moja, nikiwa napanga chupa, nikamwona mama yangu nje. Amevaa viatu vya kutokea, fimbo mkono mmoja, mfuko mkono mwingine. Hakuniaga. Kufika ukingoni akasimama, akaangalia kulia, kushoto, kulia tena. Dereva wa lori akasimamisha, akampungia apite, na yeye akashuka barabarani taratibu, roho mkononi, mpaka akafika pale katikati penye matairi. Hapo akakwama. Nusu ya pili ilikuwa na magari, na nadhani nguvu za kuthubutu zilikuwa zimemwishia.

Nilikuwa naruka kaunta nimfuate niliposikia sauti ng'ambo. "Simama hapo hapo! Usisogee hata kidogo! Nakuja!"

Mama yako alikuwa ameshuka ngazi za kibaraza, kanga imemteleza begani, kandambili za bafuni miguuni. Yeye hakuangalia kulia wala kushoto. Aliinua mkono tu kama askari wa barabarani, na magari yakasimama, nadhani kwa woga. Akafika katikati akamshika mdogo wake mikono yote miwili.

"Nani kakwambia uvuke peke yako?"

"Ningefanyaje? Hunipigii simu!"

"Ungekufa je?"

"Basi ungenipigia."

Wakaanza kulia, wakaanza kucheka, wakarudi kugombana, pale pale katikati ya matairi, magari yanawazunguka pande zote polepole. Hakuna aliyepiga honi. Muuza nyama alivua kofia yake, sijui kwa nini. Mimi nililia mpaka mteja akaniuliza kama naumwa.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Banda halipo tena, Kaka. Hakuna aliyemlazimisha mama yako. Ulipita muda kidogo, kisha akamwita injinia mwenyewe, akamkalisha, akamwuliza maswali mpaka yule binti akatoka jasho. Mwisho akamwambia, "Chukueni kona. Lakini sitaki tingatinga liguse kazi ya mume wangu. Litafunguliwa kama lilivyofungwa, ubao kwa ubao." Akamwita mwanafunzi wa zamani wa baba yako, yule uliyekuwa unamfichia patasi zake, siku hizi ni fundi mzima mwenye kipara na wajukuu. Alifanya kazi ile bila haraka, na kila alipong'oa msumari aliuweka kwenye kopo. Mama zetu walikaa pembeni kwenye viti wakimpa amri zisizo na msaada wowote.

Sitakuficha: mbao nyingi zilikuwa zimeliwa na mchwa. Ukiziona kwa nje utasema nzima, ukizigusa zinakuwa unga. Mama yako alizitazama, akasema, "Kumbe nilikuwa nalinda rangi." Zile zilizosalimika ziko nyuma ya nyumba zimefunikwa turubai. Meza ya kazi ni nzima, ni nzito kama kawaida, imehamishiwa kwenye chumba chako cha zamani. Misumeno, randa na jiliwa la kubania mbao vyote vimepakwa mafuta.

Najua ulikuwa na nia ya kurudi kulifungua. Pengine unaposoma hapa moyo unakuuma, na una haki. Wazo hilo lilimnyima mama yako usingizi kuliko jingine lolote. Anachoomba ni umwambie ukweli wako, hata kama una hasira naye. Nafasi ya kujenga banda jipya ipo nyuma, upande wa uchochoro, ukitaka. Na yule fundi ameuliza kama anaweza kuazima zile randa kubwa mpaka utakaporudi. Mama yako amemjibu kwamba mwenye vitu ni wewe. Kwa hiyo jibu hilo tunalisubiri.

Mzunguko wenyewe sasa umejengwa wa kweli, una ukingo wa zege na nyasi katikati ambazo mbuzi wa mtu fulani ameshazionja. Wa sokoni umekamilika pia. Wa zahanati bado, vumbi lake linatuingia mpaka kwenye sukari. Si kwamba kila kitu ni shwari: juzi kijana wa bodaboda alipita kinyume akaanguka, nikamfunga goti na kumpa maneno makali bila malipo. Lakini tangu mzunguko uanze hatujazika mtu aliyegongwa barabarani. Asubuhi watoto wa shule wanavuka wameshikana mikono, na mimi siku hizi sisimami mlangoni nimeshika pumzi.

Mama yangu yuko kwa mama yako tangu asubuhi. Huenda kila siku, hurudi jua likipoa. Mama yako amenilalamikia, ati enzi za magari ya kasi alikuwa angalau anapata usingizi wa mchana.

Leo nilipomwambia nakuandikia, nilimwuliza kama ana neno la kuongeza. Aliniambia, "Mwambie kwamba baba yake angekuwa hai, angenuna wiki nzima. Halafu angetoka nje, aone magari yanavyozunguka, aniite nije nione na mimi."

Nisalimie wifi yangu kwa moyo wote, na mapacha wangu uwabusu kila mmoja kwa zamu wasije wakagombana. Mama zako wote wawili wanakusalimu kwa wingi, fundi mwenye kipara anakusalimu, na muuza nyama anasema amekuwekea paja tangu uondoke. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe afya, na akurudishe kwetu ukiwa na furaha.

Ni mimi dada yako nikupendaye daima,

Kidonge