Plagi Zenye Koti la Chuma

4 Machi

Mwanangu,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima. Huku hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto na lori. Goti nimelizoea. Lori limegoma kabisa.

Ulipokuja likizo ulishinda chini ya boneti ukilifanyia sevisi. Ulipoondoka likatembea kidogo likikohoa, kisha likazimika mbele ya soko, watu wote wakiangalia. Fundi amefungua plagi zote sita za injini, nyeusi tii, zimekufa. Na lile boksi la akiba ambalo marehemu baba yako aliliweka chini ya kiti halionekani. Mkeo amepekua kila mahali, hadi ndani ya tairi la spea.

Wewe unauza spea, kwa hiyo kazi hii ni yako. Tangu mafuriko yalipoondoka na daraja, hakuna gari jingine linalovuka mto huu ila trekta moja, na mkandarasi wa daraja jipya amempa mkeo kazi ya kuvusha saruji. Amesema wazi kwamba lori lisipowaka kabla ya mwezi kwisha, kazi anampa mwenye trekta. Mkeo amekonda kwa mawazo. Fanya haraka.

Naandika kwa sababu kila nikikupigia, mtandao wako unakatika. Barua haikatiki.

Mama yako


9 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Paka ile dawa niliyokuletea, usiiweke tu kabatini. Mimi mzima, kazi nyingi.

Poleni na lori. Nimempa kondakta wa basi plagi sita mpya, za kisasa. Lakini Mama, lori lile limezeeka. Jeshi lenyewe lililiuza mnadani kwa kulichoka. Likikataa msilazimishe. Labda huu ndio wakati wa mke wangu naye kupumzika.

Mwanao akupendaye


12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo pale pale.

Plagi ulizotuma, hata mimi nisiyejua kushika spana nimeona siyo. Plagi za lori hili zimevaa koti la chuma kutoka juu hadi chini, na waya unafungwa juu yake kwa nati, kama bomba la maji. Ndiyo maana linaingia mtoni, maji yanafika kwenye taa, na halizimiki. Hizi zako udongo wake mweupe uko nje, uchi kabisa. Maji yakiruka kidogo tu, mkeo amekwama katikati ya mto na saruji ya watu! Umekulia ndani ya lori hilo. Baba yako alikuwa anakupa zile kuukuu uzichezee sebuleni. Usiniambie hujui.

Na nani amekwambia mkeo anataka kupumzika? Anataka plagi. Tuma zenye koti, na uache kunipiga chenga.

Mama yako


18 Machi

Mama,

Shikamoo. Naona nimekuudhi, samahani sana. Natumaini mko wazima wote.

Nimezunguka mji mzima mpaka viatu vimeisha soli. Hatimaye nimepata zenye koti, za jeshi kabisa, kama unavyotaka. Hizi nazo zikikataa, basi tena. Mwenye trekta naye ni mtu, acheni ale.

Halafu nikuulize, Mama, watu huko hawasemi? Kabla sijaja likizo, kondakta kaingia dukani, mbele ya wateja, akapaza sauti: “Bwana, nimemwona shemeji kwenye usukani, kavaa ovaroli, anatupigia honi tumpishe!” Walicheka mchana kutwa. Mpaka leo wananiita Bwana Tanboi, eti mimi ni utingo wa mke wangu. Mimi ndiye mwanamume wa nyumba hiyo.

Mwanao


21 Machi

Wewe,

Leo salamu sina.

Fundi amepima plagi zako kwa njiti ya kiberiti. Ni ndefu mno. Angezifunga, zingegongana na pistoni na injini ingekufa moja kwa moja. Akasema muuza spea hakosei hivyo kwa bahati mbaya. Nikamfokea. Nikamwambia afunge mdomo, mwanangu hawezi.

Halafu nikalishika boksi zilimokuja plagi hizo. La kijani, lina karatasi ya nta ndani, na kona moja imeungua. Kona hiyo niliiunguza mimi! Baba yako aliliacha karibu na jiko, nikalisukuma kwa hasira, likashika moto kidogo, tukagombana hadi jirani akaja. Hili ndilo boksi lililokuwa chini ya kiti. Ulitaka takataka zako zionekane za jeshi, ukazitia humo.

Kwa hiyo hiyo ndiyo sevisi uliyofanya. Ulifungua nzima ukafunga mbovu, ukabeba na akiba. Mkeo alikufulia, akakupikia, akakusindikiza hadi stendi, akakupungia mkono, na plagi zake zimo kwenye begi lako. Kisa, walicheka dukani. Nina hasira, utaona mwandiko.

Nimemwambia mkeo kila kitu. Nilidhani atalia. Alilichukua boksi, akasoma namba zilizopigwa muhuri ubavuni, akavaa viatu.

Mama


26 Machi

Mama,

Shikamoo. Tafadhali itikia hata moyoni.

Niliogopa maji, Mama. Mto ule una mkondo mbaya, na yeye ni mke wangu. Nilishindwa kusema waziwazi. Plagi zenyewe nimezituma zote, ziko kwa kondakta. Mwambie mke wangu apokee simu. Jumamosi nakuja. Akinisubiri ng'ambo na lori anivushe, tutaongea vizuri njiani, yeye na mimi.

Mwanao


29 Machi

Mwanangu,

Marahaba.

Plagi zako zimefika jana. Lori lilikuwa limekwisha waka. Mkeo alizunguka na lile boksi ghala kwa ghala, akidharauliwa kila mlango, mpaka akampata mwanajeshi mstaafu aliyesoma namba na kwenda moja kwa moja kwenye rafu. Zenyewe kabisa. Fundi alizifunga, lori likawaka mara moja, nikapiga vigelegele peke yangu uani. Saruji inavuka na kazi haikwenda kwa trekta. Bila boksi lako tusingejua namba ya kuulizia, kwa hiyo asante kwa boksi. Ulizorudisha ziko chini ya kiti, na mkeo ametia kufuli.

Sasa hilo la kuogopa maji. Nimeliwaza sana, maana nilitamani kuliamini. Mara ya kwanza ulituma zilizo uchi, na ulijua linakopita. Mtu anayemwogopea mkewe maji hamtumii plagi za kumzimikia mtoni. Ulichoogopa ni kicheko cha dukani. Usinitajie mto tena.

Jumamosi njoo, hapa ni kwenu. Simu ya mkeo ni nzima, hataki tu kuipokea. Nimemuuliza kama atakuvusha. Amesema lori linavusha yeyote aliye kwenye foleni. Ila hayo mazungumzo ya njiani yasahau. Kiti cha mbele nakaa mimi. Wewe utapanda nyuma, juu ya saruji.

Mama yako