Obokano na Fidla

Mjukuu wangu Moraa,

Huku Kenyenya tuko salama. Mama yako amepeleka ndizi sokoni Daraja Mbili. Kiti cha marehemu babu yako bado kiko barazani, na paka ndiye amekirithi.

Umeuliza kama babu angekasirika ukiweka sauti ya obokano yake katika wimbo wa bendi yenu huko Ireland, kati ya fidla, filimbi na ngoma kubwa kama za sinema.

Nilimwona babu yako mara ya kwanza kwenye arusi ya dada yangu. Aliketi akipiga obokano, nyuzi zikinguruma, akiimba sifa za ukoo wa kila mgeni, kama desturi yetu. Padre mmoja, naye wa kutoka Ireland, akatoa fidla na kuanza kumfuata. Mjomba wangu akakunja uso.

"Huyo anyamaze. Ataimbiwa ukoo gani?"

"Wa kwetu," babu yako akasema. "Mama alimzaa, akasahau kutuambia."

Akamwimbia padre kama ndugu yake wa tumbo moja. Fidla ikapanda juu, obokano ikanguruma chini yake, na mjomba akawa wa kwanza kutikisa mabega. Nami nikauliza yule kijana ni wa nani.

Kwa hivyo iweke, mama. Ila waimbie wenzako majina yao kwanza.

Nilisikiliza kipande ulichonitumia kwa simu nikiwa nimebeba sufuria ya uji. Obokano ilipoingia nikaiweka sufuria chini haraka, maana mabega yalikuwa yameshaanza.

Nyanya yako,
Kwamboka