Kalibu Niliyomtengenezea Mzee Mhina

Kambi ya mkonge, upande wa Handeni

Dada yangu Skolastika,

Shikamoo. Kabla hujamsomea Mama barua hii, mwambie kwanza kwamba mimi ni mzima, nakula na kulala. Magoti yake yanaendeleaje na baridi ya huko Songea? Na wewe, kile kikohozi kimekuacha? Najua mlikuwa mnanitazamia nishuke kwenye lori mwezi huu mkataba wangu ukiisha. Sitakuja, Dada. Nisikilize kwanza, kisha unihukumu.

Unakumbuka nilikuandikia kuwa wamenitoa shambani wakaniweka karakana, kumsaidia fundi wa mitambo. Jumapili hatuna kazi. Ndivyo nilivyozoeana na Mzee Mhina, Mzigua mwenye shamba la mahindi, mwendo wa saa moja kutoka kambini. Ana gobore lenye kibali la kufukuzia nguruwe mwitu, na starehe yake ni kuyeyusha madini ya risasi na kujisubia mwenyewe risasi za gobore hilo, kwa kuyamimina kwenye kalibu ya chuma. Wenzake wakicheza bao, yeye anawasha mkaa.

Vyombo vyake vilikuwa vimechoka, tukaanza kuviunda upya. Debe tulilikandika udongo ndani likawa tanuri. Ngozi ya mbuzi ikawa mivukuto ya kupulizia moto. Upawa wa kumiminia niliufua kwa kipande cha bomba. Mkewe, Mama Zaina, alituletea mihogo na kutucheka: "Wanaume wazima mnapika mawe!" Tangu Baba atutoke sijakaa na mtu mzima kwa raha namna ile.

Kalibu yake ya zamani ilitoa risasi moja moja. Nikamtengenezea mpya ya risasi tatu, kwa chuma chakavu alichonipa fundi wetu. Nilichonga Jumapili nne. Siku zilipodondoka tatu za kwanza, zinang'aa, Mzee alinishika bega. "Mwanangu, wewe ni fundi."

Sifa ile ilinilevya. Mchana huohuo, Mzee akiwa ameenda kuswali, pini ya kalibu ililegea na pande mbili zikaacha kukutana sawasawa. Risasi tatu za mwisho zilitoka na ukingo, nene kuliko zile nzima. Ilinipasa kuziyeyusha tena. Lakini niliona aibu kumwambia kazi yangu imeharibika siku ileile aliyonisifu. Nikazipiga tupa kidogo kuukwangua ukingo, nikazitia kwenye mkoba wake wa risasi pamoja na nzima, nikaaga.

Siku ya nne yake, asubuhi, nguruwe waliingia shambani. Mzee akashindilia gobore kwa haraka, risasi mojawapo ya zile nene ikakwama katikati ya mtutu, naye hakujua. Alipofyatua, mtutu ulipasuka mkononi. Walimpakia kwenye lori la mkonge hadi hospitali ya Korogwe, wakamkata vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Sasa sikia lililonikosesha usingizi. Semboja, mdogo wake Mzee, alisema baruti ilikuwa mbovu. Muuza baruti, Athumani, mtu mpole mwenye watoto sita, akaitwa mbele ya jumbe wa kijiji. Watu walikuwa wanataka anyang'anywe kibali na apelekwe kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma. Nikawaza: mimi mtu wa kuja, nikifungua mdomo nitapigwa, nitafungwa, na kazi nitaikosa. Nilimtazama Athumani anavyoapa. Hakuna aliyemsikiliza.

Nikasema, "Si baruti. Ni risasi zangu."

Semboja alinikaba shati. Jumbe akapiga meza, akaniamuru nieleze. Nikaeleza yote: pini, tupa, aibu yangu. Mkoba ukaletwa, mbili zilizobaki zilikuwa na alama za tupa yangu. Athumani akakaa chini palepale akalia.

Jumbe akamgeukia Mzee, aliyerudi jana yake, mkono umefungwa bendeji. "Unataka afanywe nini?"

Mzee aliuegemeza mkono ule kifuani. "Mwacheni aende," akasema. Hakunitazama.

Wiki mbili sikuthubutu kukanyaga kwake. Jumapili iliyopita nilikwenda. Mama Zaina alinifungulia bila salamu. Mzee alikuwa amekaa kitandani, nikapiga magoti.

"Ungeniambia siku ile," alisema, "tungeyeyusha tena na kucheka. Vidole havinirudii, Alfonsi. Siwezi kukwambia si kitu."

"Ndiyo, Mzee."

Akanitazama. "Magugu yamefika magotini. Jembe liko nyuma ya mlango."

Kwa hiyo nimeomba mkataba mwingine, Dada. Nitalima pale kila Jumapili hadi avune, na baada ya hapo sijui. Mama akikasirika, mwache akasirike.

Nisalimie mjomba mfinyanzi, shangazi wa ng'ambo ya mto, na shemeji anayefundisha dini. Waambie nawakumbuka kwa majina yao wote.

Ni mimi mdogo wako, mwenye malengelenge viganjani,
Alfonsi