Maji Yaliyolala

Dar es Salaam, Jumanne

Mke wangu Anastazia,

Amahoro? Umeamkaje, na huo mzigo wako umeamkaje? Miguu bado inavimba? Hapo Kabanga kwa dada mnalala vizuri wewe na Mama, au kiuno cha Mama kimeanza tena? Mimi mwili mzima. Roho ndiyo haitulii hata kidogo.

Nikueleze kilichonichelewesha, utanicheka halafu utanikasirikia. Mama mwenye nyumba ninayofanyia kazi anafuga samaki wa mapambo, wadogo kama kidole cha mtoto, kwenye tangi la kioo sebuleni. Hawaliwi. Wanatazamwa tu! Nilipoomba ruhusa ya kuja, mmoja alikuwa na tumbo. Mama huyo mwenye nyumba akasema, "Laurenti, samaki hawa wakizaa wanakula watoto wao. Niwekee watoto tangi lao dogo. Wakifika ukubwa wa punje ya harage, nenda zako nyumbani."

Basi nikaliandaa. Nikatia majani ya majini ya kujifichia, na mdomo wa pampu nikaufunga kipande cha sponji wasifyonzwe. Nikavihamisha vifaranga ishirini na kitu, macho na mkia tu. Nisikufiche, nilivipenda. Siku ya tatu asubuhi nikasema, haya maji yamelala. Si unamjua mama yangu, mtoto mchanga hamwogeshi maji yaliyolala, lazima aende chemchemi alfajiri na ukungu wake. Nikamwaga yote, nikajaza mapya ya bomba. Kufika adhuhuri vyote vinaelea. Yebaba we! Kumbe maji ya bomba ya huku yana dawa, mpaka yalale ndooni siku nzima ndipo samaki wayaweze. Ikabidi ningoje mwingine azae.

Hawa wa pili wako hai. Nawalisha kiini cha yai la kuchemsha, nakikamua kwenye kitambaa, asubuhi na jioni. Kila nikishika lile yai nakuwaza wewe unakula nini. Halafu nainama tena kuwapima kwa macho, nanyanyuka, narudi. Hawakui! Redio nayo inasema wakimbizi wanazidi kuingia Kibondo na Kasulu, nami nawaza kama utapata kitanda hospitali ya hapo Kabanga. Namwaza na mtoto wetu wa kwanza, nilivyofika nyumbani Busunzu nikaonyeshwa kaburi limeshaota majani.

Jana mama mwenye nyumba alinikuta nimeinamia tangi. Akacheka, "Wewe na hayo maharage yako, kwani yatakimbia?"

Maana ndivyo nilivyomwambia, Anastazia. Kwamba nataka kuja kuvuna maharage. Mimba haitangazwi kwa mtu baki, wajua kwetu, na baada ya yule wa kwanza niliogopa hata kuitaja. Lakini jana nilishindwa. Nikasema, "Mama, si maharage. Mke wangu ana mimba ya miezi tisa, na mimi niko hapa nalea watoto wa samaki."

Akakaa kitako. "Mwezi mzima umenyamaza? Ungesema, ungeondoka siku ileile."

Mwezi mzima, mke wangu! Nimejitukana mpaka nimechoka.

Treni ya leo imejaa, nimepata nafasi ya Ijumaa. Barua nampa fundi cherehani mmoja wa Kasulu anayesafiri leo, ndiyo maana mwandiko unakimbia. Jumatatu niko hapo, Mungu akipenda. Vifaranga atavitazama mama mwenye nyumba mwenyewe, nimemwonyesha ndoo ya maji.

Msalimie dada yangu anayekuhifadhi na shemeji mwashi. Baba huko Busunzu mwambieni avune hayo maharage, asiningoje. Mama umshike mkono kwa niaba yangu.

Nakuomba usijifungue kabla sijafika. Najua jambo hilo haliombwi. Basi akinitangulia, msimpe jina, mimi nitamwita. Na Mama amtekee maji mapya kila asubuhi. Huko kwetu yasilale hata siku moja.

Mumeo aliye njiani,
Laurenti