Shangazi, Salamu Tumeshamaliza

Shangazi,

Shikamoo. Leo sisubiri marahaba, nimekuja na hasira.

Nyumbani Tanga wameniambia niache lawama, siku yako ilifika. Sawa, sibishani na Mungu. Nabishana na wewe, na mimi mwenyewe.

Ulipofunguliwa kifua kupandikiziwa mshipa wa moyo hapa Guangzhou, mimi mpwa wako, mwanafunzi wa udaktari, ndiye niliyekuwa mkalimani wako. Siku ya pili baada ya operesheni daktari akauliza unajisikiaje. Ukajibu, "Salama tu, mwanangu, alhamdulillah." Nikatafsiri hivyo hivyo: hajambo. Na mkono wako ulikuwa umeshika taya. Niliuona! Nikanyamaza, maana mtu mzima akishasema salama, nani amchokonoe?

Wewe uliyekuwa ukiwakalia kooni mabosi wa soko la vitambaa la Zhongda kwa kitenge kinachochuja, mbele ya koti jeupe ukawa mpole! Lahaula, Shangazi. Ulikufa kabla ya alfajiri.

Sasa najua. Kifua kilichopasuliwa kinauma chote, kwa hiyo maumivu ya moyo uliokosa damu yanajificha humo humo, au yanachomoza kwenye taya au bega. Hata kipimo cha damu cha kuonyesha moyo umeumia huwa juu kwa kila aliyetoka kupasuliwa. Ndiyo maana wanarudiarudia kupima mapigo ya moyo kwa mashine, na katikati wanamsikiliza mgonjwa. Wewe hawakukusikia. Walinisikia mimi.

Profesa alinishauri nipumzike kutafsiri wodini. Nimekataa. Wiki iliyopita mama mmoja wa Lubumbashi, katoka kupasuliwa kama wewe, akanijibu, "Bien tu, binti yangu," yaani salama. Nikamwambia: Mama, salamu tumeshamaliza. Unaumwa wapi? Akanikodolea macho, mtoto gani huyu hana haya. Kisha akashika bega. Nikamwita daktari, wakampima mapigo palepale, wakamrudisha chumba cha upasuaji. Mshipa waliompandikizia ulikuwa umeziba. Jana kaamka ananidai bukari, ule ugali wa kwao.

Nilitoka nikakaa ngazini, nikalia kwa wivu. Ndiyo, wivu. Kwa nini yeye apone, wewe usipone?

Waseme sikufunzwa adabu. Waseme tu.

Kwaheri, Shangazi wangu. Usinisamehe upesi, nisije nikalegea. Kesho asubuhi kuna mzee wa Mombasa anatolewa chumba cha upasuaji, na nakuahidi nitamuuliza mpaka anitukane.

Mwanao,
Zuhura