Akaunti ikilala inakatwa

Shoga, cherehani yangu ililia kabla ya alfajiri nimalize kazi, niwahi benki. Shule ninayoishonea sare hailipi bila akaunti.

Binti wa dirishani ananiambia: “Bibi, akaunti ikilala bila kuingizwa pesa, tunaikata ada.”

Ikilala! Nikamjibu, “Mjukuu wangu, hata mkasi wangu ukilala haukati.”

Ukumbi mzima ukacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Yeye hakucheka. Akainama akaninong'oneza: “Ipo ya biashara ndogo, haina makato. Ila ukija kutoa pesa hapa dirishani, unakatwa.”

Yaani ni ya bure mradi wasinione!

Nimeifungua hiyohiyo. Naondoka, akaniita: “Bibi, uje tena.”

“Nije nikatwe?”

“Uje unisalimie. Salamu hatujaanza kuzikata.”