Kuinuka Bila Mikono

Jumatatu, 3 Februari 2025

Miaka miwili na miezi minne tangu nitoke nyumbani Itigi. Siku ya nne hapa mjini, Utemini, kwa Luciana, dada wa mke wangu. Machimbo ya dhahabu ya Sekenke nimeyaacha. Nilianguka shimoni, mgongo ukaanza kupinda kidogo kidogo. Sasa natembea natazama ardhi. Watu nawajua kwa miguu yao.

Leo hospitali wamenipima kama nafaa kupasuliwa na kunyooshwa kwa vyuma. Rukaiya wa mazoezi ya viungo kanipa chombo nikiminye. Kasema mkono huu unakamua jiwe. Ni kazi ya kuvuta kamba ya ndoo shimoni hiyo. Nikajiona nimeshapona.

Kisha kiti. Mikono kifuani, inuka, kaa, inuka, kwa nusu dakika. Sikuinuka hata mara moja. Nikajisukuma kwa mikono kama nilivyozoea – akakataa.

“Kaka, mikono ndiyo inafanya kazi. Mapaja yako likizo siku nyingi.”

Alhamisi, 6 Februari

Daktari kanionyesha picha ya mgongo. Pembeni ya mfupa, palipotakiwa nyama, pameingia mafuta. Chuma kitakunyoosha, kasema, lakini kukushikilia ni kazi ya nyama. Akinipasua hivi hivi naweza nisitoke kitandani. Mabingwa wa upasuaji wanakuja katikati ya Machi. Niinuke mara nane, au basi.

Mchana nikasinzia uani, chali, mito miwili mgongoni. Mawingu yanapita. Nilisahau kama yanakwenda taratibu vile. Nikaota niko shimoni nimesimama wima, nazidi kurefuka, kichwa kikatoka nje, nikaiona reli mpaka Itigi. Mke wangu Eliana anaanua nguo. Kanitazama kama mtu anayetazama mnara.

Jumapili, 23 Februari

Mara tatu.

Luciana kaniondolea bakuli la mlenda. “Shemeji, huo unateleza tu, haujengi paja. Kula yai.” Jirani kanikuta mlangoni nainuka nakaa, akauliza hii ni ibada gani. Luciana kamjibu, “Anaomba nyama.”

Jumatano, 12 Machi

Sita. Ya saba niliishia katikati, kiti kikanirudisha.

Nilimwomba Rukaiya aandike nane. “Nikiandika nane, kaka, mwenye kulala pale mezani ni wewe.” Akaandika sita. Sikumchukia. Nilitaka kumchukia.

Daktari kasema safari hii hapana. Mabingwa watarudi Agosti. Nisiache mayai, nisiache kiti.

Nimempigia Eliana. Kasikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye mfupi, nikinyooka atanitazamaje, bora nilivyo. Alicheka peke yake. Kuku walisikika nyuma yake.

Nikamwambia Septemba.

Akauliza, Septemba ya kunyooka au ya kurudi?

Nikasema ya kurudi.